Kwotabeki wa Bata Bukini

Jumatatu, 6 Aprili

Daftari, niwie radhi. Dada yangu Ramona alikutuma kutoka Toledo mwezi wa Januari, akaniagiza niandike kila juma, na leo ndiyo kwanza nakufungua. Sina la kujitetea ila Willa. Ana miezi saba, anaota meno mawili kwa mpigo, na hakubali kulala isipokuwa juu ya kifua changu. Naandika kwa mkono mmoja. Ukiona doa hapo juu, ni ndizi.

Naandika leo kwa sababu kuna hatari. Jumapili ijayo ni Siku ya Kuchagua wachezaji wapya.

Timu yangu ya mpira wa Kimarekani ni Bata Bukini wa Ashtabula. Wachezaji wake hawapo duniani. Wamezaliwa na kompyuta, wanacheza ndani ya kompyuta, na kila Jumapili baada ya misa Mama Mkwe anabonyeza kitufe kimoja, matokeo yote yanatoka. Timu kumi, wenye timu kumi, wote ni ndugu au majirani. Ligi aliianzisha marehemu baba mkwe wangu, Mzee Emil. Nilipoolewa alikuwa ameshaanza kuugua. Nikawa nakaa naye mchana, akanifundisha kusoma karatasi za wachezaji: hapa mkono, hapa macho, hapa moyo. Juma lake la mwisho akaniachia Bata Bukini. Si mwanawe Duane. Si bintiye Paulette. Mimi!

Tangu hapo nimeburuta mkia misimu miwili.

Na kanuni ya saba, aliyoiandika Mzee Emil mwenyewe, inasema hivi: atakayeburuta mkia misimu mitatu mfululizo ananyang'anywa timu, inapewa aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Wa kwanza ni Paulette. Wifi yangu. Huyu huyu anayenilelea Willa kila Jumatano. Huja na supu. Kwa nini supu?

Nisiwapoteze Bata Bukini. Kutwa nzima, ndicho kitu pekee ambacho ni changu na hakinyonyi.

Ninachohitaji ni kwotabeki. Timu isiyo na mtu wa kurusha mpira na kuwaamrisha wenzake ni harusi isiyo na bwana harusi. Na kwa haki ningechagua wa kwanza, maana aliye mkiani ndiye anayeanza. Lakini mwezi wa Februari nilibadilishana na shemeji Duane: yeye akachukua nafasi ya kwanza, mimi nikachukua yake ya pili, pamoja na mpiga teke wake mzoefu. Nilijiona nimempiga changa la macho. Mpiga teke akastaafu juma lililofuata. Duane aliapa hakujua. Aliapa upesi mno.

Jumanne, 7 Aprili

Theluji tena. Aprili hii!

Nimefanya upelelezi. Kila mwenye timu hupewa nafasi ishirini za kuchunguza, na kila nafasi hufunua siri moja ya mchezaji mmoja. Mwaka huu kuna makwotabeki thelathini na mmoja. Watu wote wanamwimba Tavion Brisker. Mkono tisini na nne kwa mia! Mimi kitu kinachosifiwa na kila mtu nakiuliza kwanza nani anakiuza. Nikatumia nafasi moja kufungua moyo wake. Arobaini na moja. Akizongwa, anamrushia adui.

Kompyuta pia humpa kila timu skauti wake, mtafuta vipaji. Wangu anaitwa Glover, miaka sabini na mmoja, naye hayupo duniani. Kila mchezaji aliyemsifu tangu niichukue timu amevunjika goti. Nashuku anakula pande mbili. Nilimwambia mume wangu, Trent. Akauliza mtu asiyekuwepo anahongwa na nani, na anazitumia wapi. Trent hana jicho la mpira. Anafanya kazi relini. Kwake yeye kila kitu kina njia yake na kinapita humo.

Nafasi ya kumi na saba, Willa kifuani, mguu wangu umekufa ganzi: Lorne Pickerell. Chuo kidogo kisichojulikana. Mkono sabini na mmoja. Hakuna aliyemtaja hata mara moja. Nikafungua macho: tisini na tatu. Nikafungua moyo.

Tisini na saba!

Nikapiga ukelele. Willa akaamka. Tukalia wote wawili. Mzee Emil alikuwa akisema mkono hufundishika, moyo mtu huzaliwa nao.

Sasa kazi ni moja tu. Duane asijue.

Jumatano, 8 Aprili

Siku ya Paulette. Supu ya kuku na tambi.

Kabla sijaenda kununua nepi niliweka mtego. Nilifunga kompyuta, juu ya kifuniko nikaweka punje moja ya nafaka anayokula Willa asubuhi. Punje ikiondoka, mtu kafungua. Nikaenda dukani. Nikarudi mbio, sikununua hata maziwa.

Punje haipo!

Paulette alikuwa kakaa kwenye kochi na Willa, mtakatifu mtupu. Akaniuliza, eti kwa mazungumzo tu, kama nimeshampata kwotabeki wangu. Nikamwambia sijaangalia hata mmoja. Akacheka. "Basi, wifi, hayo macho mekundu ni ya harusi ya nani?"

Nikacheka pia. Cheko la mdomoni.

Nimefikiri sana baada ya yeye kuondoka. Neno langu la siri la kuingilia kwenye ligi ni jina la Willa na siku aliyozaliwa. Na Paulette ndiye aliyemshika Willa wa kwanza baada yangu. Analijua. Wanalijua wote.

Saa kumi jioni nimembadili Willa nepi. Punje imeonekana. Lakini hilo halimtoi Paulette hatiani. Anaweza kuwa ndiye aliyemlisha.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepata dawa yao!

Kila mwenye timu ana orodha yake ndani ya kompyuta. Siku ya Kuchagua, zamu ikikufikia una dakika mbili za kubonyeza jina unalolitaka. Zikiisha hujabonyeza, kompyuta inachukua jina la kwanza kwenye orodha yako bila kukuuliza. Ni kwa ajili ya wasiohudhuria. Sasa mwenye neno langu la siri akiifungua orodha hiyo anasoma moyo wangu wote.

Basi na asome. Nimemtoa Pickerell kabisa. Anaishi kichwani mwangu tu. Juu kabisa nimemweka Buck Onderdonk. Umri ishirini na sita, mkono arobaini na nane, na chini yake maelezo ya Glover: hushtushwa na kelele. Wakiona hilo watacheka mpaka wasahau kulinda mlango. Jumapili naingia mlangoni na Pickerell wangu.

Trent aliuliza kwa nini nisibadili tu neno la siri. Nikamweleza taratibu kwamba nikilibadili watajua kwamba najua. Akanitazama vile anavyotazama taa ya reli iliyokwama kwenye nyekundu. Kisha akaniambia nikale.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Duane kumpima uso. Nimebeba mkate wa jozi uliobaki Pasaka, ili nisionekane mpelelezi. Willa mgongoni.

Alikuwa gereji, amezama ndani ya injini ya boti, maana samaki wameanza kusogea. Aliponiona akapaza sauti. "Shemeji! Mwaka huu Bata wako wataruka, au tuwashe oveni?"

Nikalitupa jina ghafla: Onderdonk. Nikamkodolea macho. Akauliza kama ndiye yule fundi bomba wa karibu na kanisa. Anajifanya! Hata kope haikumcheza. Mtu asiye na hatia angeshtuka kidogo.

Halafu akafanya jambo baya zaidi. Akafuta mikono kwa kitambaa, akashusha sauti, akaniuliza nimpendaye hasa ni nani kati ya makwotabeki wote. Akasema nimwambie kweli, kwa ajili ya mzee.

Karibu nimwambie. Ulimi ulishafika kwenye meno. Lakini ndivyo wanavyokupata hawa, kwa sauti ya upole. Nikamwambia bado nafikiri. Akasema sawa, akauma mkate, akasema mtamu. Nimerudi nyumbani nikiwa sijui kitu, na mkate sina.

Jumamosi, 11 Aprili

Homa ya meno. Sijakaa chini.

La kukumbuka: kumrudisha Pickerell juu ya orodha kesho kabla hatujatoka. Nimejiandikia kwa kalamu kwenye kiganja, herufi kubwa.

Kisha nimemwogesha Willa.

Jumapili, 12 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi Willa alinitapikia blauzi, akatapikia na ya pili. Tumetoka tumechelewa. Njiani nilitazama kiganja. Cheupe. Nikajua kuna kitu nimesahau, sikujua nini. Nikakumbuka nimeshakaa.

Tulikuwa chumba cha chini kwa Mama Mkwe, kama kila mwaka. Meza mbili ndefu, kompyuta kumi, kabichi lililoviringwa nyama, viazi vya jibini, mayai ya Pasaka ambayo hakuna anayethubutu kuyamenya. Aliyeburuta mkia huvaa kofia ya kuvulia samaki ya Mzee Emil mpaka shughuli iishe. Nimeivaa mwaka wa pili. Bado inanuka samaki. Ukweli ni kwamba napenda harufu ile, ila sitawaambia.

Nilitaka kubadili orodha palepale. Lakini Paulette alikuwa nyuma ya bega langu, anamchezesha Willa! Nikibadili, ataona. Nikaamua niiache. Zamu yangu nitabonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Duane akaanza. Chumba kizima kilingoja aseme Brisker. Mimi niliomba chini kwa chini aseme Brisker. Kwotabeki wake mwenyewe ana miaka thelathini na saba na magoti ya kuazima. Duane akabonyeza.

Mlinzi! Jitu la kilo mia na hamsini kutoka Idaho! Hakuchukua kwotabeki yeyote. Kisha akanigeukia akatabasamu, akaninyooshea mkono kama anayenikaribisha mlangoni.

Mtego, nikajua. Lakini upi?

Na papo hapo nepi ya Willa ikafurika. Ikapita nguo, ikapita blanketi, ikafika kwenye kiti. Nikamnyakua, nikapanda ngazi naye.

Paulette akasimama chini ya ngazi. "Wifi! Dakika moja na nusu! Nitajie jina nikubonyezee!"

Nikamwambia angoje.

"Nitajie tu, jamani! Ninong'oneze!"

Ninong'oneze! Unaona? Nikasema nakuja. Willa akarusha mguu, akakanyaga pale pasipokanyagwa. Nikafuta. Akakanyaga tena. Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu, kwa upole na ukali pamoja, mama anaomba mguu mmoja kwanza.

"Thelathini, wifi! Niguse nisiguse?"

"Usiguse kompyuta yangu!" Nyumba nzima ilisikia. Nadhani na ziwa lilisikia.

Hakugusa. Hilo lazima nimpe. Niliposhuka na Willa, nepi imefungwa upande mmoja, Paulette alikuwa amesimama mikono juu kama anayeporwa. Na kwenye skrini ya ukutani, kwa herufi kubwa: BATA BUKINI WAMEMCHAGUA BUCK ONDERDONK.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Duane alivua kofia.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Mama Mkwe. Hakutazama hata karatasi. Akabonyeza: Lorne Pickerell.

Willa ndiye pekee aliyecheka. Ndipo nilipoliona. Jino. Limetoka leo, dogo, jeupe kama punje ya mchele. Nikaenda nalo jikoni, mimi na mtoto na kofia, tukakaa huko mpaka mwisho.

Jumatatu, 13 Aprili

Mama Mkwe amekuja mwenyewe, kwa miguu, na viatu vya kanisani. Akamchukua Willa, akakaa, akasema bila kuzunguka.

"Mwanangu, tubadilishane. Nipe Onderdonk wako, chukua Pickerell wangu. Sitaki cha ziada."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema Emil alitufundisha sisi wawili kusoma moyo, kwa hiyo alichokiona yeye alijua nimekiona. Alimchukua kijana yule asije akaibwa na wengine. Akasema Duane aliwaacha makwotabeki kwa makusudi. Tangu mpiga teke yule astaafu, halali vizuri kwa aibu. Akasema Paulette alijitoa kwenye orodha ya wanaongoja kabla ya Pasaka. Aliniuliza habari za kwotabeki kwa kuwa alikuwa na hofu kwa ajili yangu, basi. Aliye wa kwanza kungoja sasa ni Bwana Sorvillo, daktari wa meno, ambaye ameshatangaza kwamba timu ya Emil ataiita Meno Meupe.

Meno Meupe!

Akasema hakumwoza mwanawe kwa mtu wa kushindwa. Na kwamba kofia ile ikikaa kichwani pangu, anamwona mumewe.

Nilikuwa karibu kulia. Nikaenda kuosha vikombe kwanza.

Na maji yakiwa yanatiririka, akili ikanirudia. Kwa nini? Mwanamke huyu ameshinda ligi mara nne. Ana skauti bora kuliko wote. Nani anatoa dhahabu ili apewe kokoto? Labda kokoto si kokoto! Labda Glover amelipwa ili amfiche Onderdonk. Labda mkono ule arobaini na nane ni pazia tu! Nimemchagua kwa bahati, wao wakashtuka, sasa wanakuja mmojammoja na maneno matamu.

Nikafuta mikono. Nikamwambia kwa heshima zote, hapana, mama.

Akambusu Willa kwenye jino. Akasema neno lake liko pale pale mpaka Ijumaa saa sita mchana, kisha milango ya kubadilishana inafungwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Saa tatu asubuhi, ujumbe wa Mama Mkwe: "Bado kuna muda, mwanangu."

Saa nne, simu ya Duane. "Shemeji, acha ubishi. Kubali." Na sauti ile ile ya upole.

Saa tano, Paulette mlangoni na sufuria. Ijumaa! Supu ya Ijumaa! Akasema kama najuta kumpigia kelele Jumapili nisijute, amesahau. Akamkalisha Willa mapajani akamwimbia. Willa anampenda. Mtoto hajui watu.

Watatu, wimbo mmoja. Nilikuwa na chembe ya shaka, nayo ikaisha. Nikakaa mbele ya saa ya jikoni na kijiko mkononi mpaka saa sita ikapita.

Trent aliporudi aliuliza nimeamuaje. Nikamwambia nimewashinda. Akasema ni vizuri, akaenda kubadili balbu ambayo haikuwa imeungua.

Jumapili, 19 Aprili

Mama Mkwe amebonyeza kitufe. Mechi ya kwanza, uwanja wa nyumbani.

Sisi sufuri. Wao arobaini na nne.

Onderdonk amerusha mipira ishirini na miwili. Mitatu imedakwa na wenzake, sita na adui. Taarifa inasema mara mbili alitoka uwanjani kwa sababu ya kelele. Kelele za mashabiki wetu! Pickerell wa Mama Mkwe amerusha minne ya kufunga na hakukosea hata mmoja. Glover ameniandikia mstari mmoja: nilisema. Bwana Sorvillo amepiga simu kuulizia kama rangi za Bata Bukini zinaweza kubadilishwa.

Paulette amenitumia neno nisihofu, mechi zimebaki kumi na tano. Kwa nini anahesabu?

Nimelitafakari mchana kutwa, Willa akiutafuna mkono wa kiti. Kosa halikuwa orodha ya uongo. Orodha ya uongo ilikuwa safi. Kosa ni kwamba niliiweka moja tu, mahali pamoja. Na huyo Onderdonk anajificha, ndiyo maana anacheza vile. Anangoja wakati wake. Mtu hawezi kuwa mbaya kiasi hicho bila sababu.

Ramona ameuliza kwenye simu bado nahitaji nini, anatuma kifurushi Jumanne. Naandika hapa nisisahau:

Nepi za namba tatu, pakiti mbili.

Kidude cha kung'ata cha mpira, kile cha kuweka kwenye friji. Si cha plastiki, plastiki ameshaishinda.

Soksi za Willa, jozi nne. Hupoteza za kushoto tu.

Redio ya kumsikilizia mtoto, ya pili, ndogo iwezekanavyo, inayoweza kukaa nyuma ya kochi la Mama Mkwe bila kuonekana.

Na daftari jingine, la kijani vile vile kama hili, la kuandikia uongo na kuliacha wazi mezani siku za Jumatano. Ukurasa wa kwanza Ramona aupake ndizi.